Kimo cha Sikio

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Jepkorir Jumatano asubuhi, akiwa amepiga magoti nyuma ya amplifaya ya kanisa moja la Kibomet akitafuta waya uliolegea. Ulitoka kwa Rosaline, mwuguzi wa hapo Kitale, aliyekuwa amenunua spika mbili dukani kwake wiki tatu nyuma. "Fundi, baba amekataa zile spika. Anasema uende uzichukue. Pole."

Jepkorir aliusoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni, akaendelea kutafuta ule waya. Lakini mikono ilikuwa imepoteza haraka yake.

Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mmoja katika kazi ya sauti. Alifundishwa na mjomba wake, Rotich, ambaye alifunga vipaza sauti kwenye makanisa na matanga kuanzia Kiminini hadi Kapenguria. Rotich alipofariki, duka la Kibomet likabaki mikononi mwa Jepkorir, na watu waliosema halitamaliza mwaka wakaja baadaye kumwomba awafungie spika za harusi za watoto wao. Muda wote huo hakuna aliyewahi kumrudishia kitu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba spika hizi alizichagua kwa moyo. Rosaline alikuwa amemletea kaseti kuukuu iliyofungwa kwa kitambaa: kwaya ya walimu wa Bokoli, iliyorekodiwa mwaka wa 1989 kwa redio kaseti yenye maikrofoni mbili. Baba yake ndiye aliyeiongoza. Sasa mzee alikuwa amestaafu, anaishi Kanduyi huko Bungoma, na alikuwa ameteleza kwenye matope akavunjika mguu, hatoki nyumbani. Rosaline alitaka aisikie tena kwaya yake. Jepkorir aliihamishia kaseti kwenye flashi, akauondoa mvumo wake kwa siku mbili, halafu akachagua spika mbili za mbao, si zile za kupiga kishindo tu.

"Niziweke wapi?" Rosaline alikuwa ameuliza.

"Juu," Jepkorir alijibu bila kufikiria. "Juu kabisa, ili sauti ipite vichwa vya watu." Hivyo ndivyo mjomba alivyomfundisha.

Jumamosi alifunga duka mapema, akaenda Bungoma.

Nyumba ya Mwalimu Mukhisa, baba yake Rosaline, ilikuwa ya matofali, upande wa pili wa uwanja wa michezo, imezungushiwa ua wa michongoma uliokatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Mkewe, Mama Phelista, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Mulembe, mwanangu. Umetoka mbali. Ingia, chai iko tayari."

Ndani, kando ya mlango, maboksi mawili ya spika yalikuwa yamefunguliwa, yakisubiri. Jepkorir aliyaona kabla hajaona kitu kingine chochote.

Mwalimu alikuwa amezama kwenye kiti cha sofa cha zamani, kile cha chini kabisa, kilichobonyea katikati kwa kukaliwa. Mguu wake wenye plasta ulikuwa umenyooshwa juu ya stuli. Alimsalimu kwa Kikalenjin, maana aliwahi kufundisha Cherang'any miaka minne.

"Chamgei."

"Chamgei, Mwalimu. Pole na mguu."

"Mguu unapona. Masikio ndiyo yanateseka." Alionyesha juu kwa kidevu. Spika zilikuwa pale zilipoambiwa zikae: moja juu ya kabati refu la vyombo, nyingine kwenye rafu iliyopigiliwa kwenye kona, zote karibu zinagusa dari. "Sitaki kukuvunjia heshima, fundi. Kwa macho ni nzuri. Lakini kwaya yangu inasikika kama inaimba nyumba ya jirani, tena jirani amefunga madirisha."

"Naomba nizisikie mara moja kabla sijazishusha."

"Sikia tu."

Jepkorir alichomeka flashi, akapanda juu ya kiti cha mbao hadi kichwa chake kikawa sawa na kabati. Kwaya ikaimba. Sauti ilikuwa safi, kali pale inapotakiwa kuwa kali; alisikia hata watu wakivuta pumzi kabla ya ubeti. Akashuka, akasimama katikati ya chumba. Bado si mbaya. Alikagua nyaya, akabadilisha spika ya kushoto na ya kulia, akarudisha. Hapakuwa na ubovu.

"Mwalimu, mimi naona ziko sawa."

Mama Phelista, aliyekuwa akimimina chai, alinong'ona bila kuinua macho, "Hata mimi nikipita kwenda jikoni nasikia vizuri. Nilikuwa naogopa kusema."

Mwalimu alivuta kitambaa cha kiti kilichofumwa kwa sindano, akakinyoosha, akakikunja tena. Jepkorir alianza kuelewa kwamba mzee huyu hakuwa na hasira na spika. Ilikuwa hofu. Mtu aliyefundisha muziki miaka thelathini na mbili, aliyeweza kumtoa mwimbaji mmoja katikati ya arobaini na kumwambia umeshuka nusu sauti, alikuwa ameketi pale akijiuliza kama masikio yake yamekwisha.

"Nilimwambia Rosaline ni spika," Mwalimu alisema hatimaye. "Lakini kama nyinyi wote mnasikia, basi si spika. Ni mimi."

Jepkorir alikunywa chai kidogo ili apate muda. Mzee anasikia mazungumzo vizuri. Amesikia hata Mama alivyonong'ona. Mama husikiliza akipita. Yeye mwenyewe amesikiliza amesimama. Mtu wa pekee anayesikiliza ameketi, tena ameketi chini hivyo, ni Mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "naweza kukaa hapo kwako?"

"Hapa?"

"Kwa dakika moja tu."

Mama Phelista alicheka kidogo. "Hicho kiti, hata mchungaji akija hakalii." Lakini alikuwa ameshainuka kumsaidia mumewe. Walimhamisha wawili, mkongojo upande huu na bega la Jepkorir upande ule, hadi kwenye kiti cha pembeni.

Jepkorir akakaa. Sofa likamvuta chini hadi magoti yake yakawa karibu na kifua. Na wimbo ukabadilika hapo hapo, kana kwamba mtu ametupa blanketi juu ya waimbaji. Sauti za juu zilipoteza ncha zake, maneno yakayeyuka, na besi ikabaki ikizunguka kule kwenye kona chini ya dari kama nyuki kwenye mzinga. Akasimama, kwaya ikarudi. Akakaa, ikaondoka. Akasimama tena, akakaa tena, wale wazee wakimtazama, na mara ya tatu akajikuta anatabasamu peke yake.

"Masikio yako ni mazima," alimwambia Mwalimu. "Hata mimi hapa sisikii kitu."

Mwalimu aliegemea mbele. "Hebu rudia."

"Hapa sisikii kitu, Mwalimu. Kosa ni la kimo." Alikwenda kwenye spika, akaonyesha kile kiduara kidogo kilicho juu ya kile kikubwa. "Hii ndogo ndiyo inaleta sauti nyembamba, zile za kina mama, na zile herufi kama s na t. Sasa hiyo sauti haisambai ovyo. Inaenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ukiimulika tochi juu, aliyekaa chini anabaki gizani. Na hii kubwa nimeibana kwenye kona karibu na dari, ndiyo maana inavuma." Akamgeukia Mwalimu. "Mimi ndiye nilimwambia Rosaline aziweke juu. Nimezoea kanisa, mahali watu wamejaa, lazima sauti ipite juu ya vichwa. Nyumbani kuna kichwa kimoja, kimeketi. Nilikosea."

"Ukikubali kosa haraka hivyo utamaliza kazi haraka," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Sasa tunafanyaje?"

"Tunazishusha hadi kimo cha sikio lako."

Hapo Mama Phelista ndiye aliyesita. Likizo ilikuwa karibu, wajukuu wanne walikuwa njiani, na alijua vidole vya wajukuu. Tena kitu cha thamani hukaa juu. Nani ameweka spika chini kama gunia la viazi? Jepkorir aliahidi kwamba hazitakuwa chini kabisa, na hazitakuwa za kuangushwa na mtoto. Leo wajaribu tu. Wakipenda, zitengenezewe miguu ya mbao na fundi wa karibu.

"Makokha yuko hapo barabarani," Mama alisema baada ya kufikiria. "Yeye hutengeneza vitanda. Miguu ya spika haitamshinda."

Walimrudisha Mwalimu kwenye sofa lake. Jepkorir alitoa futi ya kupimia, akaiweka sakafuni, akaivuta hadi kwenye sikio la mzee.

"Nimepimwa suti, nimepimwa presha," Mwalimu alisema bila kutikisika. "Sikio, hii ni mara ya kwanza."

"Inchi thelathini na sita."

Duka la jirani liliwaazima kreti nne tupu za soda. Mbili kila upande, na juu yake vitabu vizee vya maandalio ya masomo hadi kile kiduara kidogo kikawa sawa na sikio. Jepkorir alizisogeza spika kutoka ukutani kiasi cha mkono mmoja, akazitenganisha hadi umbali kati yake ukawa sawa na umbali wa kutoka kila moja hadi kwenye sofa, kisha akazigeuza kidogo zimtazame Mwalimu. Ya kushoto ilikuwa chini kwa upana wa kidole. Mama Phelista alileta daftari moja zaidi, akaliingiza mwenyewe, akarudi nyuma kutazama kama mtu aliyetundika picha.

"Weka," Mwalimu alisema.

Kwaya ilianza. Jepkorir hakutazama spika, alimtazama mzee. Mwanzoni alikaa kama alivyokuwa. Kisha kichwa chake kikageuka kidogo kushoto, kikarudi katikati, kikageuka kulia. Mkono wake uliokuwa juu ya kitambaa cha kiti uliinuka kidogo hewani, vidole viwili vikikata mapigo.

"Wamesimama," alisema.

"Nani, Baba Rosa?" mkewe aliuliza.

"Waimbaji. Wamesimama palepale. Alto huku, teno kule. Nehemiah yule pale mwisho, anavuta pua."

Mama Phelista alikuja kukaa kwenye mkono wa sofa, kichwa chake karibu na cha mumewe. Naye alikuwa mle ndani ya wimbo; wakati ule alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na ndiye aliyeongoza alto, wale kina mama wa sauti ya chini. Alisikiliza, kisha akanyoosha kidole mahali patupu kati ya spika ya kushoto na dirisha. "Mimi niko hapo," akasema.

Wimbo ukakaribia ubeti wa tatu, na Mwalimu akainua kidole. "Sasa. Fundi, sikiliza hawa alto. Hapa ndipo walipotupotezea kikombe."

"Ameanza," Mama Phelista alimwambia Jepkorir. "Miaka thelathini na kitu, hajachoka."

Kisa chenyewe Mama alikieleza kwa maneno machache. Kwaya ya Bokoli ilishika nafasi ya pili kwenye mashindano yaliyorekodiwa kwenye ile kaseti, kwa sababu ubeti wa tatu uliingia umechanika: wanaume wa teno walianza, alto wakafuata baadaye. Mwalimu alisema alto walichelewa. Mama alisema teno waliwahi. Jambo hilo lilikuwa limejadiliwa kwenye meza ya chakula, shambani, kwenye harusi ya Rosaline, na mara moja katikati ya ibada.

Ubeti wa tatu ukaingia, na kweli, ulichanika. Lakini kabla yake, katika kile kimya kifupi, kulikuwa na kitu. Jepkorir alikisikia dukani akadhani ni mtu amegonga benchi.

"Rudisha," Mwalimu alisema.

Alirudisha. Katika kimya kile, katikati kabisa ya spika mbili, kiatu kiligonga jukwaa la mbao. Moja. Mbili. Tatu. Teno wakaingia. Kisha, pigo moja zima baadaye, alto.

"Rudisha tena."

Kiatu kikagonga. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti. Iliporudiwa mara nyingine, hakuhesabu. Aliketi tu akiutazama mguu wake wenye plasta, kana kwamba ndio uliotenda.

"Hicho kiatu ni changu. Kimya kilikuwa cha mapigo manne," alisema. "Nilihesabu matatu nikainua mkono. Teno walinifuata mimi. Alto walifuata wimbo." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mama Rosa. Hamkuchelewa. Niliwahi mimi."

Jepkorir alijifanya anashughulika na nyaya. Alidhani Mama Phelista angepiga vigelegele, au angalau angesema, nilikwambia. Mama alikaa palepale, mkono wake nyuma ya shingo ya mumewe.

"Sasa nitafanya nini na ushindi huu?" aliuliza. "Nimezoea kubishana." Halafu bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko, na Mwalimu naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili hadi mzee akashika mguu wake akilalamika kwamba unauma.

Lakini alipotulia hakuridhika. Alitaka simu. Wale alto wengine aliwalaumu pia, tena mbele ya watu, na wawili bado wako hai. Alimpigia wa kwanza, Peris, anayeishi karibu na Webuye, akaweka simu kwenye kipaza sauti ili wote wasikie.

"Peris, huyu ni Mukhisa. Nakupigia kukuomba msamaha."

"Wa nini tena, Mwalimu?" Sauti ya mwanamke mzee, na kuku nyuma yake.

"Ule ubeti wa tatu. Kwenye mashindano. Hamkuchelewa nyinyi."

Peris alijaribu kukumbuka. "Mashindano gani? Yale ya mvua? Mimi nakumbuka tulinyeshewa, halafu tukapewa chapati na maharagwe, na Phelista akanipa yake moja kwa sababu nilikuwa mjamzito. Ubeti sikumbuki, bana. Mguu unaendeleaje?"

Mwalimu aliitazama simu, kisha akamtazama mkewe. "Mguu unapona," akajibu. "Njoo siku moja usikie ulivyoimba."

Makokha alikuja jioni na kipande cha penseli sikioni, akapima kreti na vitabu, akauliza kama mzee ana mpango wa kubadilisha sofa. Mwalimu alisema atazikwa nalo. Basi, Makokha alisema, atatengeneza miguu ya mbao za sipresi yenye kitako kipana, na atazifunga spika kwa skrubu kwa nyuma ili mjukuu akizisukuma zisianguke. Mama Phelista alikuwa ameshachinja kuku, na hakukuwa na njia ya Jepkorir kuondoka kabla hajala. Alikula ugali wake huku kwaya ikiimba kwa sauti ya chini. Maboksi yaliyokuwa mlangoni yalikuwa yameingizwa chumbani. Mama alisema yatafaa kuwekea vifaranga.

Jumatatu, dukani Kibomet, Jepkorir alifungua daftari la wateja, akatafuta wote aliowauzia spika za nyumbani na kuwaambia waziweke juu. Walikuwa watano. Alianza kuwapigia mmoja mmoja. Watatu walimwambia aje tu. Wa nne, bwana Kimaiyo wa kule njia ya Kapenguria, alitaka kujua kwanza kwa nini fundi anauliza kimo cha kochi lake; alipoelezwa, alikwenda kukaa na simu mkononi, akasikiliza, akasema, "Kumbe. Njoo kesho."

Wa tano alikuwa Chepngeno, mpishi wa keki, ambaye spika zake Jepkorir alizifunga mwenyewe ukutani, juu ya meza ya kukandia unga.

"Usiziguse," Chepngeno alisema.

"Hazikusumbui? Sauti haikupiti juu?"

"Fundi, mimi tangu asubuhi hadi saa kumi nimesimama. Ziko sawa na uso wangu. Zinaniimbia mimi, si kochi."

Jepkorir alifikiria jambo hilo, akaona ni kweli. Akachukua kalamu, akaandika kando ya jina lake: anasimama. Kisha akachukua futi na bisibisi, akamwachia jirani funguo za duka, akaenda kwa mteja wa kwanza.